Pumzi ya Kuazima

Zawena alipata sabini na moja, na kelele tulizopiga zilimtoa mlinzi getini akaja kuchungulia kuna nini. Sabini na moja! Mtu ambaye misuli yake imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka tangu akiwa na miaka kumi na miwili, ambaye madaktari wa kwao Kondoa walimwambia mama yake ajiandae, amekaa kwenye kiti cha kupimia na kioo kinaandika sabini na moja. Anyosisye alicheza peke yake katikati ya ukumbi mpaka akagonga meza mbili. Gwakisa akasema, kwa ile sauti nzito aliyokuwa anajivunia kupita kiasi, "Huyu mwakani tunamtuma shambani abebe magunia ya viazi."

Zawena alicheka. Kisha akanitazama, na kicheko kikamwishia. Sisi wanne tu, katika kituo kizima, tulijua kwamba ile sabini na moja ilikuwa yangu.

Tulivaa mishipi. Kila aliyepokelewa pale Kituo cha Fungamano, Tukuyu, alivalishwa mshipi uliolala juu ya uti wa mgongo, chini ya nguo. Mshipi haukuweza kutengeneza mwendo wenyewe. Uliusoma mwendo wa mwili mzima ukaupeleka kwenye mwili ulioshindwa, na mwili ule ukaushika kwa saa kadhaa. Anyosisye alizaliwa haoni, lakini alijaliwa miguu na koo la kumtosha yeye na ukoo wake wote. Akitembea saa nzima asubuhi kuzunguka kituo, mimi niliyevunjika mgongo kwa ajali ya bodaboda nikiwa na miaka kumi na tisa niliweza kusimama na kutembea hadi jioni. Akiimba nyimbo zake za kwaya, Gwakisa, ambaye ulimi haukuwahi kumtii tangu utotoni, alishinda anaongea kama wakili. Zawena alimwazima Anyosisye macho: hakupata sura za watu, ila alijua mlango uko wapi na nani kasimama mbele yake. Mimi nilimwazima Zawena mikono na kifua. Na Gwakisa? Mwenyewe alidai anachangia akili. Wataalamu walisema mwili wake usiotulia ndio uliofanya mishipi yetu yote ijifunze upesi.

Lazima muwe wanne, kundi lililoitwa fungu, na lazima mjuane. Mwanzoni walijaribu kuunganisha watu wasiofahamiana, miili ikakataa, watu wakatapika siku tatu. Ndipo ikaamuliwa vijana wakae pamoja kwanza, wale pamoja, wagombane, wasikilizane vilio, miezi minane kabla ya kuvalishwa chochote. Hata baada ya mishipi vikao viliendelea, kila siku saa nne, viti vimepangwa duara, kila mtu aseme lililo moyoni. Nilivichukia vikao vile mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nikamwambia Zawena jambo ambalo sijawahi kumwambia mama yangu, kuhusu siku niliyotaka kufa, na yeye akaniuliza tu, "Umeshakula?" Toka hapo nikawa wake.

Kila miezi mitatu tulipimwa nguvu za mikono na pumzi, mmoja mmoja. Mishipi ilisafishwa kwanza, yaani mwendo wote wa kuazima ulifutwa, ili kila mtu aonyeshe cha kwake. Aliyepata chini ya arobaini mara mbili mfululizo alihamishiwa wodini, akapewa mashine ya kumsaidia kupumua usingizini, na fungu lake likavunjwa, kwa sababu watatu hawafanyi fungu. Hao watatu walirudi kwenye foleni. Foleni ilikuwa ya miaka sita.

Sasa, fungu letu lilikuwa na salamu yake. Kabla ya kikao tulikaa magoti yanagusana, mimi nikainua mikono yote miwili, nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, nikaishika, nikaiachia. Wenzangu wakafuata, mishipi ikiwa imewashwa. Tulianza kwa utani tu, tukimwiga mwalimu wa kwaya wa Anyosisye. Tuliifanya kila asubuhi kwa miaka miwili, hata siku tuliyonuniana. Na mishipi ikafika mahali ikasahau kwamba pumzi ile ilikuwa yangu. Ilipokuja kusafishwa ikafuta vyote vya kuazima ikaiacha salamu, ikidhani ni mali ya Zawena.

Tuligundua mwezi wa kumi. Zawena alikuwa amepata thelathini na mbili kipimo kilichopita, tukaenda tukijua ndiyo mwisho wetu, akapata sitini na tatu. Tungesema siku ile. Tuliangaliana tu, tukanyamaza. Kipimo kilichofuata, asubuhi yake, tulisalimiana kwa saa nzima.

"Kifua ni changu," Zawena alituambia tulipoanza kujikuna vichwa. "Nikitolewa mimi, Sekela anarudi kwenye kiti, Gwakisa anarudi kuandika kwa kidole, Anyosisye anarudi kwenye giza lake. Niacheni bwana. Mimi nimeamua."

Mishipi ilivuliwa tulipokwenda kulala ili ichajiwe. Zawena alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na aliamka na kichwa kinachomuuma hadi saa tatu. Alisema amezoea. Tulimwamini kwa sababu ilitufaa kumwamini.

*

Jumamosi baada ya kipimo, Madamu Hosiana aliniita ofisini. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mazoezi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkali wa saa, mwepesi wa machozi. Mimi nilikuwa kiongozi wa fungu, kwa hiyo mambo ya fungu yalipitia kwangu. Nilikwenda kwa miguu. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nakwenda kwa miguu hata mahali ambapo sikuwa na shughuli napo.

"Funga mlango, Sekela. Kaa. Nina habari njema, lakini usiwaambie wenzio mpaka itangazwe." Alikuwa anatabasamu mpaka fizi zinaonekana. "Unajua ugonjwa wa Zawena haujawahi kurudi nyuma? Popote. Kila aliyevalishwa mshipi alishuka tu. Zawena peke yake ndiye anayepanda."

"Najua, madamu."

"Basi mwezi wa nne mpangilio wa mshipi wake ulinakiliwa. Umewekwa kwenye mishipi ya wenzake wenye ugonjwa kama wake, vituo vyote saba. Watu arobaini na mmoja." Akageuza kioo chake nikione. "Tazama. Wote wamepanda! Sitini na nane, sabini, sabini na mbili. Wote."

Niliitazama ile safu ya namba. Ulikuwa mwezi wa saba, miezi mitatu imeshapita.

"Na zile mashine za usingizini?" niliuliza.

"Zimerudishwa. Za nini tena? Mtu wa sabini anapumua vizuri kukuzidi wewe. Zilikuwa chache, sasa zimekwenda kwa watoto wachanga." Akanishika mkono. "Fungu lenu limefanya kazi kubwa, mwanangu. Kule kusemezana kwenu, kule kupendana. Naandika hivyo kwenye ripoti yangu."

Watu arobaini na mmoja walikuwa wakipimwa katika vituo vyote saba, na kilicholeta namba nzuri kilikuwa kifua changu, maana salamu yetu ilinakiliwa pamoja na mpangilio. Mchana mishipi ilikuwa inawapumulia. Wakivua kulala, wanabaki na mapafu yao wenyewe, bila mashine, bila mito mitatu ya Zawena, bila hata kujua kwamba wanatakiwa kulala wameketi.

Nilipaswa kufungua mdomo pale pale. Sentensi moja tu ingetosha: madamu, namba zile ni za uongo. Nilikuwa nayo ulimini.

"Hongera, madamu," nilisema.

*

Nilijipa sababu. Sababu yangu iliitwa Gwakisa.

Gwakisa alikuwa na mchumba, Tusekile, fundi cherehani wa Mwakaleli, na Jumapili ya wiki iliyofuata alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni. Mshenga alikuwepo, baba wadogo walikuwepo, maneno yote yangesemwa na wakubwa. Lakini Gwakisa alikuwa ameomba sentensi moja aiseme kwa mdomo wake. Aliifanyia mazoezi jikoni, bafuni, kwenye kikao, mpaka Zawena akamtishia kumwagia uji. "Naitwa Gwakisa, nimekuja mwenyewe, na nitamtunza." Maneno sita. Nikiongea Jumamosi ile, Jumatatu mishipi inakusanywa, na Gwakisa anakwenda ukweni akiwa na karatasi ya kuandikia.

Hiyo ilikuwa sababu nzuri, na niliishika kwa mikono miwili. Nikajiambia, Jumatatu baada ya utambulisho nasema. Siku tisa si kitu. Watu hao wana miezi mitatu katika hali hiyo, siku tisa zitafanya nini?

Lakini niseme kweli, kwa kuwa sasa sina cha kulinda. Gwakisa alikuwa kisingizio. Miguu ndiyo iliyonifunga mdomo. Mtu ambaye hajawahi kukaa miaka mitano akiongea na mikanda ya suruali za watu hawezi kunielewa, na sitaki anielewe. Siku zile tisa nilitembea kupita kiasi. Nilitembea kwenye matope, nilisimama dirishani nikiosha vyombo visivyo vichafu, nilipanda ngazi za ghala na kushuka na kupanda tena. Anyosisye alilalamika kwamba namchosha, kila asubuhi namwomba azunguke mara mbili. "Dada, unafanya mazoezi ya kwenda wapi?" aliniuliza. Nikamwambia anyamaze atembee.

Mara moja, kwenye kikao, Zawena alisema, "Sekela, una kitu."

"Sina."

"Una kitu. Unavuta pumzi fupi fupi. Nakusikia humu." Alijigusa kifuani kwa mkono niliomwazima.

"Mafua tu, mwaya."

Kanuni ya kikao ilikuwa moja: hapa hatudanganyani. Tuliiandika wenyewe ukutani, kwa rangi ya kijani, na mimi ndiye niliyeshika brashi.

Jumapili tulikwenda Mwakaleli wote wanne kwa gari la kituo. Gwakisa alivaa suti ya kaka yake iliyomzidi mabega. Ili sauti ya Gwakisa isikauke katikati ya shughuli, Anyosisye alikaa nyuma yake akiimba kwa ndani, midomo imefungwa, muda wote. Sahani ikaletwa, ndizi na nyama, Anyosisye hakugusa. Wakwe wakaanza kunong'onezana kwamba huyu mgeni kagoma kula kwao. Mshenga akalazimika kueleza kwamba kijana amefunga kwa ajili ya maombi, na Anyosisye, ambaye siku zote hula vya watu watatu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa.

Ilipofika zamu yake, Gwakisa alisimama. Alisema sentensi yake. Akaongeza nyingine tatu ambazo hakuzipanga, na moja ikamchekesha baba mkwe mpaka akafuta macho. "Ndaga fijo," mzee alimshukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Tusekile alikuwa mlangoni na kina mama, amejifunika kanga mdomoni.

Nilifurahi siku ile. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilisimama uani kwao Tusekile kwa miguu yangu, nikijua kesho nakwenda kuvibomoa vyote, na bado nilifurahi.

*

Jumatatu niliwaambia wenzangu kwanza, kabla ya salamu. Niliwaeleza kuhusu mpangilio ulionakiliwa, watu arobaini na mmoja, mashine zilizorudishwa. Sikuwaambia nimejua lini. Nilisema, "Nimepata habari," na hakuna aliyeuliza.

Anyosisye alivua miwani yake myeusi akaishika mapajani. Gwakisa akanisogelea.

"Hakuna njia nyingine? Tusiseme ni salamu. Tuseme mshipi wa Zawena umeharibika."

"Watauchunguza," nilisema. "Watarekebisha wake, wa wenzake utabaki vile vile."

"Nimeposa jana, Sekela."

"Najua."

"Jana!"

Zawena hakuwa na mjadala. Alikuwa tayari ameanza kuvuta kiti chake cha magurudumu kuelekea mlangoni kwa mikono yangu. "Mimi nilisema kifua ni changu," alisema. "Sikusema vifua vya watu. Naenda kwa madamu. Anayekuja aje."

Madamu Hosiana alitusikiliza amesimama. Hakuamini. Akatuonyesha namba. Ndipo Zawena alipomwambia, "Nivue mshipi, madamu, halafu nishike mkono kama zamani." Madamu akamvua. Asubuhi ile sikuwa nimemwazima kitu; alichokuwa nacho ni salamu iliyobaki ndani ya mshipi, nayo ikaondoka na mshipi. Akampa vidole viwili, akamwambia abane. Alingoja. Tulikuwa tunaona mshipa wa shingo ya Zawena ukijitahidi, na vidole vimelala tu juu ya kiganja cha madamu. Akamwambia apulize karatasi iliyokuwa mezani. Karatasi haikutikisika.

Madamu Hosiana alikaa chini. Kisha akainuka akaanza kupiga simu, kituo kimoja baada ya kingine, akisema neno hilo hilo, "Rudisheni mashine. Leo. Nasema leo," na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta.

Mishipi ilichukuliwa kabla ya chakula cha mchana. Waliovaa mishipi kwa udanganyifu hawarudi hata kwenye foleni. Hilo tulikuwa hatulijui, tulilisoma kwenye karatasi tuliyotakiwa kutia sahihi. Mimi nilivuliwa wa kwanza. Miguu haikuondoka ghafla. Ilinishika mpaka kama saa tisa hivi, ikaanza kulegea kuanzia vidoleni, nami nikakaa kitandani nikiitazama. Gwakisa alitumia saa zake za mwisho kwenye simu na Tusekile. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu sauti ikianza kuvurugika, maneno yakirefuka, kisha kimya, na Anyosisye kando yake akiimba kwa nguvu zote, akiimba na kuimba, wakati hana tena mshipi wa kuupeleka wimbo popote.

*

Barua ilikuja baada ya majuma mawili. Madamu Hosiana alinisukuma mwenyewe mpaka wodini, akaisoma mbele ya Zawena na mimi, kwa sababu Gwakisa na Anyosisye walikuwa wamekwishachukuliwa na ndugu zao.

Watu arobaini walikuwa wamerudishiwa mashine. Watatu kati yao walikuwa mahututi na walikuwa wanaendelea kutibiwa. Wa arobaini na moja, Leokadia, binti wa miaka ishirini na mbili, kituo cha Kibondo, alikuwa amefariki usingizini. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa sabini na mbili. Wenzake wa fungu walikuwa wamemwandalia sherehe.

Madamu alikunja barua akatoka, akatuacha.

Zawena alikuwa amelazwa, barakoa ya mashine imefungwa usoni, saa zote sasa, si usingizini tu. Mapafu yalikuwa yamechoka zaidi ya tulivyodhani. Mikono yake ilikuwa pale alipoiweka muuguzi asubuhi. Kuongea kulimlazimu kungoja mashine ivute, kisha atoe maneno mawili matatu.

"Alikufa lini?" aliuliza. "Sikusikia siku."

Ningeweza kusema sikusikia na mimi. Barua ilikuwa imeondoka na madamu, na Zawena hakuwa na namna ya kuifuata.

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Kabla ya Jumapili ya Gwakisa."

Mashine ikavuta, ikaachia. Nilimwona akihesabu. Macho yake, yale aliyomwazima Anyosisye miaka miwili, yalikuwa mazima kabisa.

"Sisi ulituambia Jumatatu," alisema.

"Ndiyo."

Mashine ikavuta tena.

"Alhamisi ile, Sekela. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Tangu Jumamosi ya nyuma yake."

Nilitaka aseme kitu. Anitukane, aniite muuaji, aniulize kama nimekula. Ningepokea lolote. Nilisogeza kiti mpaka magurudumu yakagonga chuma cha kitanda, nikauchukua mkono wake nikaushika. Haukunishika wala haukukataa, haukuwa na uwezo wa yote mawili.

Shingo ndiyo iliyokuwa imebaki inamtii. Ilimchukua muda, na barakoa ilimkwaza njiani, lakini aliigeuza kidogo kidogo mpaka uso ukaelekea ukutani. Nilikaa pale hadi muuguzi alipokuja kuniambia saa ya kuona wagonjwa imekwisha, na Zawena hakugeuka.